Mtu ni Afya: kikundi, redio na sururu

Bibi yangu wa Iramba hakujua kusoma, lakini hadi uzeeni alizihesabu kwa vidole hatua za kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973: kusikiliza, kusoma, kujadili, kutenda.

Kwa wiki 12, watu wazima wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa katika vikundi kuzunguka redio. Kipindi cha Radio Tanzania kikiisha, kiongozi anasoma kijitabu kwa sauti, kisha wanaulizana: hapa kwetu ugonjwa huu unatoka wapi? Malaria, safura, kichocho, kifua kikuu, kuhara damu. Hawainuki mpaka wakubaliane la kufanya.

Somo la kuhara lilimkuta bibi na jeraha. Alishamzika mtoto wa miaka miwili, na moyoni alimshuku jirani kwa uchawi. Walikuwa hawasalimiani. Siku hiyo mzee mmoja akauliza tu, "Hivi, watoto wetu wanajisaidia wapi?" Watu kimya. Kichaka chenyewe kilikuwa mlimani, juu ya kisima.

Wiki ileile bibi na jirani yuleyule wakachimba choo. Na mawe yetu ya Singida, wee! Mpini wa sururu ulivunjika mara mbili.

Wanahistoria huhesabu vyoo vilivyochimbwa, na ni sawa. Mimi nahesabu pia salamu iliyorudi. Siku hizi nikitoka kwenye semina tuliyosikiliza, tukasoma na kujadili hadi jioni, namsikia bibi: "Haya, nani kabeba sururu?"