Shamba, Rehani na Kufilisika Kakamega

Sheria ya kufilisika ya Kenya ya mwaka 1930 iliigwa kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1914. Ilikuwa ya walowezi na wafanyabiashara wa mijini. Mkulima wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, haikumhusu. Shamba lake halikuwa na hati. Lilikuwa la ukoo, na nani angeweka rehani kitu ambacho ndugu zake, wanawe na hata wajukuu wasiozaliwa bado wana haki nacho? Tena sheria nyingine ya kikoloni ilimzuia mfanyabiashara asiye Mwafrika kumdai Mwafrika mahakamani mkopo uliozidi shilingi 200, isipokuwa mkataba wao uwe umeidhinishwa na serikali. Hatua hiyo ilielezwa kuwa ni ulinzi. Kwa mwenye duka wa Kiafrika, ulikuwa ulinzi wa kumnyima bidhaa za mkopo.

Mwaka huohuo wa 1930 serikali iliahidi kisheria kwamba ardhi za hifadhi zingebaki za wenyeji daima, na kwamba kipande kikichukuliwa, kingefidiwa kwa ardhi nyingine. Ahadi hiyo haikutimiza miaka mitatu. Dhahabu ilipatikana Kakamega mwaka 1931, wachimbaji Wazungu wakamiminika, na Desemba 1932 sheria ikarekebishwa ili ardhi ya migodi ichukuliwe na wenyewe walipwe fedha tu. Baada ya hapo si ajabu karatasi za serikali kuhusu mashamba zikipokewa kwa shaka.

Karatasi iliyobadilisha mambo hasa ilikuwa hati miliki. Mpango wa Roger Swynnerton, ofisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni, wa mwaka 1954 ulijengwa juu ya hoja moja: mkulima akiwa na hati ya jina lake atakopa, na akikopa atalima vizuri zaidi. Sheria ya usajili wa ardhi ya mwaka 1963 ikaipa hoja hiyo meno, na katika miaka ya 1960 na 1970 wapimaji walizunguka magharibi mwa Kenya wakiweka mipaka. Swynnerton alizungumzia sana mkopo, ila upande wa pili wa mkopo ni mnada. Chini ya sheria ya 1963, mkopeshaji ambaye hakulipwa alitoa notisi ya miezi mitatu, kisha angeweza kuliuza shamba bila kwanza kwenda mahakamani. Chini ya sheria ya mwaka 1967 bodi ya ardhi ilitakiwa kuidhinisha rehani ya shamba, lakini jina kwenye hati kwa kawaida lilikuwa la mume, na mke angeweza kujua habari siku dalali anapofika.

Hata hivyo mnada wa kijijini haukuwa rahisi kama ulivyoandikwa. Parker Shipton, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyetafiti magharibi mwa Kenya, hasa kwa Waluo, alionyesha kwamba hati haikuleta mikopo mingi kama ilivyotarajiwa, na kwamba makaburi ya wazee yaliifunga familia na ardhi kwa namna ambayo benki haikuweza kuifungua. Kwa Waluhya wa Kakamega hali haiko mbali na hiyo. Mgeni atanunuaje boma lenye kaburi la babu, kisha akae na majirani ambao wote ni wa ukoo uleule?

Ulinzi wa kweli wa mwenye nyumba ulikuja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Rehani ya nyumba ya ndoa sasa haina nguvu bila ridhaa ya mwenzi. Mdaiwa hupewa miezi mitatu ya kulipa, kisha notisi ya siku 40 ya kuuza, na kanuni za madalali zinaongeza siku 45. Jumla yake ni karibu miezi sita. Mali lazima ithaminiwe kabla ya mnada, na bei ikipungua thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, mkopeshaji hudhaniwa kuwa amekiuka wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Mwaka huohuo Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungo cha deni ni cha mwenye uwezo anayekataa kulipa. Asiye nacho hafungwi kwa umaskini wake.

Sheria ya 1930 iliondolewa na Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Aliyetangazwa muflisi kwa kawaida huachiliwa baada ya miaka 3, ingawa kabla ya hapo Katiba inamzuia kugombea ubunge. Upo pia utaratibu wa wasio na mali: mwenye madeni ya kati ya shilingi 100,000 na 400,000 anaweza kusamehewa baada ya miezi 12. Hapa ndipo sheria inapomkosa mtu wa Kakamega. Mwenye robo ekari haitwi asiye na mali, hata kama robo hiyo haina mnunuzi. Na akitangazwa muflisi, nyumba iliyo rehani haiokoki, kwa kuwa benki yenye dhamana haiingii foleni ya wadai wengine.

Wakulima wa miwa wa Kakamega waliiona foleni hiyo kutoka upande wa pili. Kampuni ya Sukari ya Mumias ilipowekwa chini ya mrasimu (msimamizi wa mali kwa niaba ya mkopeshaji) na benki ya KCB Septemba 2019, mkulima aliyekuwa anadai malipo ya miwa alikuwa mdai asiye na dhamana, nyuma ya mabenki.

Kizuizi kimoja cha mnada hakikutungwa na bunge. Mashamba mengi bado yana hati za jina la babu aliyefariki zamani, na mpaka kesi ya mirathi ifunguliwe na jina libadilishwe, hakuna mrithi anayeweza kuyaweka rehani. Wajukuu hulalamika kwamba hawakopesheki. Dalali naye hana cha kunadi.