Ukurasa mkubwa

ukurasa mkubwa nm. (wingi: kurasa kubwa, ngeli ya U-ZI) *Tarakilishi*: sehemu ya kumbukumbu iliyo kubwa kuliko ukurasa wa kawaida, ambayo kiini cha mfumo endeshi huigawa kama kitu kimoja.

Maelezo ya matumizi

Katika vichakata vya x86-64 ukurasa wa kawaida una kilobaiti 4. Ukurasa mkubwa huwa na megabaiti 2, yaani sawa na kurasa 512 za kawaida, au gigabaiti 1. Faida yake huonekana katika jedwali dogo lililomo ndani ya kichakata, lihifadhilo tafsiri za anwani zilizotumika karibuni (naam, mafundi nao wana tafsiri zao): ukurasa ukiwa mkubwa, mstari mmoja wa jedwali hufunika eneo pana zaidi la kumbukumbu.

Jina lenyewe halimsumbui mfasiri; kinachomsumbua ni hesabu yake. Kiini cha Linux huonyesha hesabu hiyo katika faili la /proc/meminfo. HugePages_Total ni idadi ya kurasa zote zilizotengwa. HugePages_Free ni zile ambazo bado hazijagawiwa programu yoyote. HugePages_Rsvd ni zile ambazo kiini kimekwisha kuahidi kuzitoa lakini bado hakijazitoa. HugePages_Surp ni za ziada, zilizopita idadi iliyowekwa na msimamizi.

Kosa linalonyemelea hapa ni kuutafsiri mstari wa pili kuwa «kurasa zinazopatikana». Kurasa zilizoahidiwa zimo bado ndani ya hesabu hiyo. Tuseme zilizotengwa ni 100, zisizogawiwa 60, zilizoahidiwa 25. Zinazotumika ni 40, na zinazoweza kuombwa na programu mpya ni 35 tu. Atakayesoma «zinazopatikana: 60» kisha akaomba 50 atakataliwa, ikiwa msimamizi hakuruhusu za ziada, naye hatajua kwamba aliyemponza ni mfasiri. Kiti cha basi kilichokatiwa tiketi na abiria atakayepandia Morogoro huondoka Dar es Salaam kikiwa kitupu, lakini hakiuzwi tena.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza *zisizogawiwa* badala ya *huru*. Neno *tupu* lisitumike kabisa, kwani humfanya msomaji afikirie ukurasa usioandikwa kitu. Kwa mstari wa tatu, *zilizoahidiwa* ni bora kuliko *za akiba*: akiba huwekwa kwa haja isiyojulikana bado, ilhali kurasa hizi zina mwenyewe.

Kitenzi *kutumika* nacho kinahitaji uangalifu. Kurasa 100 za megabaiti 2 zikishatengwa, megabaiti 200 haziwezi tena kutumiwa kwa shughuli nyingine, hata kama hakuna programu iliyogusa ukurasa mmoja. Kwa mtazamo wa mashine nzima kumbukumbu hiyo imekwisha kuchukuliwa. Kwa mtazamo wa hesabu ya kurasa kubwa haijatumika. Sentensi iseme wazi ni *zilizotengwa* au *zinazotumika*.

Lipo pia kundi ambalo mistari hiyo minne hailihesabu hata kidogo. Tangu toleo 2.6.38 la mwaka 2011, kiini cha Linux kinaweza kuunda kurasa kubwa chenyewe bila msimamizi kuzitenga kabla. Kurasa hizo huonekana katika mstari wa AnonHugePages, tena kwa kilobaiti, si kwa idadi. Kiingereza huziita kwa neno lenye maana ya kupenyeza nuru, na kishawishi cha kuandika *angavu* ni kikubwa. Linalokusudiwa ni kinyume chake: programu hunufaika bila kuziona. Andika *kurasa kubwa fichika*.

Tazama pia: anwani, kiini, kumbukumbu, mgao.