Dunga: Kasri ya Shamba na Siwa ya Mwinyi Mkuu



Ukitoka mjini Unguja kwa barabara ya Chwaka, karibu nusu ya njia unapita Dunga. Ni mji mdogo wa wakulima, wenye mihogo, migomba na minazi. Wengi tunapita tu, na walioisikia kasri yake huijua kwa hadithi za mizimu na za watu waliozikwa kwenye msingi.

Hadithi hizo zimeifunika historia yenyewe. Kasri ya Dunga aliijenga Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed kati ya 1846 na 1856. Mwinyi Mkuu ndiye aliyekuwa mtawala wa wenyeji wa Unguja, na cheo hicho kiliendelea hata baada ya masultani wa Oman kuhamia hapa. Zamani zaidi, mwishoni mwa karne ya 17, Unguja ilitawaliwa na mwanamke, Mwana Mwema Fatuma. Aliwapelekea chakula Wareno waliozingirwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa. Ngome ilipoanguka mwaka 1698, Waomani walimchukua hadi Muscat, na baadaye akarudi kisiwani.

Lakini tusiyapambe mambo. Mwinyi Mkuu wa Dunga alimkusanyia Sultani kodi kutoka kwa watu wake mwenyewe, na fungu lake akalichukua. Aliyeilipa kodi hiyo ni mkulima na mkewe. Muhammad alifariki 1865, na mwanawe Ahmed akafariki 1873. Cheo kikafa naye, kasri ikawa gofu.

Vilivyosalia ni vitu vya enzi: siwa na ngoma za mbao zilizochongwa, ambazo zilipelekwa mjini kuhifadhiwa katika makumbusho. Siwa haikuwa ya vita tu. Katika miji ya pwani ilipulizwa pia kwenye harusi za wakubwa, watu wote wajue kuna jambo la heshima.

Leo harusi zetu hazina siwa, na kasri haina mwenyewe. Shamba bado linalimwa, na bibi zetu bado wanakumbuka. Basi dada, katika pilika za kushona nguo na kupaka hina, tenga jioni moja ukae na bibi yako. Muulize wazee wake walilima wapi, nani aliwatawala na walilipa nini. Nenda nayo kwa mumeo, uje uwasimulie wanao.