Mstari Uliogeuka Tatu

Juma hili nawapeleka Endabash, wilayani Karatu, kwenye mashamba ya mahindi, maharage na mbaazi. Nilifika huko mwaka 2011 kutafuta habari za mavuno. Nikakuta habari nyingine.

Chama kimoja cha wakulima kilikuwa kimebandika ukutani orodha ya wadaiwa wa mbegu na mbolea. Mzee mmoja akanishika mkono.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi nilikopa shilingi 45,000. Hapa wameandika 345,000. Jirani yangu alikopa 62,000, naye kaandikiwa 362,000. Hivi kweli kijiji kizima tudaiwe laki tatu na ushei, asiwepo hata mmoja wa laki mbili?"

Swali hilo lilikuwa zito kuliko maswali yangu yote. Baadhi ya watu walikwishaanza kuzungumzia kuuza mbuzi. Karani aliapa kwamba hakuongeza hata senti moja, lakini wengi hawakumwamini.

Kumbe alisema kweli. Hesabu zilitunzwa katika kompyuta kuukuu, kwa programu ya zamani iliyochora jedwali kwa mistari. Faili likapelekwa mjini kwenye kompyuta mpya. Huko mistari ya mlalo ikatokea kama herufi Ä, safu kwa safu, na ule mstari wa wima uliotenganisha jina na fedha ukatokea kama tatu ndogo. Kijana aliyechapa upya akazifuta zile Ä akidhani ni uchafu. Ile tatu akaiona ni sehemu ya deni.

Yalianzia wapi haya? Kompyuta haijui herufi wala mstari, inajua namba tu. Mwaka 1963 Wamarekani walitoa orodha iitwayo ASCII, yenye nafasi 128, zikiwamo za A hadi Z. Mistari ya kuchorea jedwali haikutengewa nafasi, kwa hiyo kila kampuni ikajitafutia njia.

Mwaka 1978 kampuni ya DEC ilitoa VT100, yaani kioo na kibodi vya kuzungumza na kompyuta kubwa. Humo herufi q, ikitanguliwa na amri maalumu, huwa mstari wa mlalo, na x huwa wa wima. Amri ikipotea njiani, mtu huona qqqq. Mwaka 1981 IBM nayo ikatoa kompyuta yake ndogo yenye nafasi 256, na baadhi ya zile za ziada ikazijaza mistari na vitofali. Humo namba 179 ni mstari wa wima na 196 ni wa mlalo.

Lakini mwaka 1987 orodha ya kimataifa ya lugha za Ulaya Magharibi iliipa namba 179 ile tatu ndogo ya mita za ujazo, na 196 ikaipa Ä ya Wajerumani. Namba ni ile ile, maana zikawa mbili.

Dawa ilianza kupatikana mwaka 1991, ilipotoka Unicode, inayoipa kila alama namba yake peke yake. Mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike wakabuni UTF-8, namna ya kuziandika namba hizo bila kuivunja ASCII. Hata hivyo mafaili ya zamani bado yapo, na programu zinazoigiza VT100 bado hujikwaa. Hata namba ikiwa sahihi, mwandiko usiojaza nafasi yake huacha nyufa kati ya vitofali.

Sisi tunaoandika Kiswahili herufi zetu zote zimo katika zile 128. Ndiyo maana tulidhani ugonjwa huu ni wa wenzetu. Endabash ulitupata kupitia mstari.

Mzee yule alikwenda nyumbani akarudi na kopo. Ndani mlikuwa na stakabadhi yake: shilingi 45,000. Wengine wakaleta zao, daftari la karani likafunguliwa mbele ya watu, orodha ikabanduliwa jioni ile ile.

Basi nawaomba, stakabadhi zenu msizitupe. Nanyi makarani, msibandike orodha kabla ya kuilinganisha na daftari.