Kwa nini mkanda mzima unatupwa?

Umewahi kushika kamba ya manila ya kuanikia nguo iliyokaa juani miaka kadhaa? Kwa mbali ni nzima. Ukiivuta, inakatika na kukuachia ungaunga mkononi. Sasa fikiria kamba ya namna hiyo ndiyo imekushikilia kwenye gari linalopita kilomita 500 kwa saa.

Twende Marekani, kwenye mbio za dragi: magari mawili, njia fupi iliyonyooka, basi. Chama chao kikubwa, NHRA, kilianza mwaka 1951. Kasi ikazidi kupanda mpaka breki peke yake hazikutosha, yakafungwa maparachuti. Leo, parachuti zikifunguka kwenye gari la daraja la Top Fuel, dereva husukumwa mbele kwa nguvu ya karibu mara 5 ya uzito wake. Ukiwa na kilo 80, mkanda unabeba kama kilo 400. Na hapo hujagonga kitu!

Mwili unaweza kuvumilia? Tarehe 10 Desemba 1954, huko New Mexico, daktari wa jeshi la anga John Paul Stapp alifungwa kwenye kiti cha roketi. Kilifika kilomita 1,017 kwa saa, kikasimama kwa sekunde 1.4 hivi. Nguvu ilipita mara 46 ya uzito wake. Macho yalivilia damu, lakini alipona. Kumbe mwili uliofungwa vizuri unastahimili mengi. Swali likahamia kwenye mkanda wenyewe.

Mikanda ya zamani mingi ilikuwa ya nailoni. Baadaye ikaja poliesta, isiyonyumbulika sana na inayovumilia jua zaidi. Lakini zote ni plastiki: minyororo mirefu ya molekuli ambayo miale ya jua huikatakata polepole, huku mchanga ukisaga nyuzi. Jicho halioni kitu.

Ndiyo maana kiwango cha SFI 16.1 kinaupa mkanda miaka 2 tu. Lebo huonyesha tarehe. Ikipita, unanunua mwingine au unaurudisha kwa mtengenezaji auweke utepe mpya. Kuna madereva wanaonung'unika kwamba huu ni ujanja wa kuuza mikanda. Malalamiko yanaeleweka, maana si rahisi kutupa kitu kinachoonekana kizima. Tatizo ni kwamba, ili ujue mkanda wako unakatika kwa uzito gani, lazima uuvute mpaka ukatike. Ukishapata jibu, huna mkanda tena. Tarehe kwenye lebo inakuepusha na jaribio hilo, hasa lisije likafanyika ukiwa umekaa ndani.