Mwana wa Mwanahamisi

Wazazi wa sasa wakitafuta jina la binti, wengi huyaruka majina yanayoanza na Mwana, eti ni ya kina bibi. Naona tunapoteza hazina. Wengi husikia ndani yake "mtoto wa": Mwanahamisi awe mtoto wa Hamisi, Mwanajuma awe wa Juma. Sivyo. Hamisi hapa ni Alhamisi aliyozaliwa, Juma ni Ijumaa, na Mwanaidi alikuja na sikukuu.

Na Mwana mwenyewe? Kwa Waswahili wa Lamu na Pate, Mwana ni bibi, mwanamke wa kuheshimiwa. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mtu mzima, mama wa watoto, alipotunga utendi wa kumuusia bintiye mwaka 1858, na Mwana ndilo lililotangulia jina lake. Mwana Khadija alitawala Pate. Kwa hiyo kichanga cha siku saba, kichwa ndiyo kwanza kimenyolewa, kikiitwa Mwanaisha tayari kimeamkiwa kwa heshima: Bibi Aisha.

Mkienda kuandikisha cheti cha kuzaliwa, simameni hapo dirishani mpaka karani aandike Mwanahamisi, neno moja, asiligawe.