Kipande cha Reli na Injini Iitwayo Shengena

Kabla usharika wetu haujapata kengele, waumini waliitwa ibadani kwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini na kugongwa kwa nyundo. Kamati ya Jubilei ilipoanza kukusanya vitu vya kale, tulikitafuta tusikione. Kilikwisha kuuzwa pamoja na vyuma chakavu siku ghala liliposafishwa, kwa idhini ya Baraza la Wazee, nami nikiwa mjumbe. Kosa hilo ndilo lililonisukuma kuandika kurasa hizi.

Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, mwaka ule ule ambao wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro. Kampuni iliyoianzisha iliishiwa fedha, na mwaka 1899 serikali ya Kijerumani ikaichukua. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, Buiko mwaka 1909 na Moshi mwaka 1911, jumla ya kilomita 352. Tangu hapo safari ya kutoka pwani, iliyokuwa ya siku nyingi kwa miguu, ikawa ya garimoshi. Na mizigo iliyobebwa kichwani na wapagazi ikapakiwa katika mabehewa.

Historia za makanisa yetu hutaja wamisionari, wainjilisti na wachungaji, na ni haki yao. Lakini waliochimba tuta, waliolaza mataruma na waliochochea moto wa injini hawatajwi, ingawa wengi walikaa katika mabenchi haya haya tunayokalia.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Nairobi kwa shughuli za kanisa, nikapata nafasi ya kuzuru Makumbusho ya Reli. Yalifunguliwa mwaka 1971, wakati reli za Kenya, Uganda na Tanzania zilipokuwa bado chini ya shirika moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika lile nalo likagawanyika, na kumbukumbu nyingi za pamoja zikabaki huko. Nje, juani, nilikuta injini kubwa ya mvuke, namba 5930. Nikasoma jina lake: Mlima Shengena. Ndio mlima wetu wa Upare! Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyomfaa mtu mwenye mkutano.

Injini hiyo ni moja kati ya 34 zilizotengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock katikati ya miaka ya 1950, zote zikipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Tangi la kuchemshia maji limekaa katikati, likibebwa na seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, kila moja na silinda zake. Hivyo uzito wa tani 252 hivi hugawanywa juu ya ekseli nyingi, na injini hupinda kwenye kona za milimani bila kuharibu njia. Nyingine zilikatwakatwa. Zilizosalia ni mbili, Shengena na Gelai, na milima yote miwili iko Tanzania.

Chuma kinachokaa nje huliwa na mvua. Makumbusho madogo huhitaji paa, grisi, rangi na mshahara wa mlinzi, na kiingilio cha wageni wachache hakitoshi. Tunaweza kusaidia kwa kupeleka vijana wa kipaimara kama tunavyowapeleka kwingineko, na kwa kutoa picha na karatasi zilizofungiwa masandukuni. Zaidi ya yote yanahitaji wazee wetu waliostaafu kazi ya reli. Injini isiyo na mtu wa kueleza kwa nini vali hii hufunguliwa kabla ya ile ni mzigo wa chuma tu, na wanunuzi wa vyuma wanalijua hilo. Katika miaka ya karibuni tumewazika mafundi kadhaa, na hakuna aliyekuwa ameketi nao kuandika waliyoyajua.

Kwa hiyo Baraza limetenga chumba kimoja cha ofisi ya zamani. Hadi tunapokwenda mitamboni vitu vilivyoletwa ni taa ya karabai, koleo la makaa, na nyundo iliyogongea reli yetu. Mjukuu wa mgonga kengele wa zamani aliikuta darini kwa bibi yake, mpini ukiwa umeliwa na mchwa.